Kadi ya Baba Mdogo Damiani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijaniisha. Leo nilipokusikia ukiicheka kadi ambayo mdogo wako amemtengenezea baba yenu, ilinipanda upya. Kaa chini. Usiniambie "samahani, bibi" kabla hujasikia.

Baba yetu alipofariki, tulilelewa hapa Maguu na mdogo wake, baba mdogo Damiani. Hakuoa mpaka sisi tulipomaliza shule. Alisema mzigo wa marehemu haubebwi nusu. Alizaliwa sikukuu ya Watakatifu Kosma na Damiani, jina likatoka huko, lakini kila mwaka sikukuu hiyo ilimkuta shambani akichuma kahawa. Hakuna aliyewahi kumpongeza.

Nilipokuwa binti wa sekondari nikaamua kumtengenezea kadi. Nikajiuliza, mwanamume kama yule unamchorea nini? Maua hapana. Makopa ya mapenzi hapana. Nikakata boksi la sabuni, nikalifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nikachomoa nyuzi za gunia la kahawa, nikazishona juu yake miraba miraba, kama ngoro zetu zinavyokaa mlimani, yale mashimo tunayolimia ili mvua isibebe udongo. Pembeni nikabandika punje za kahawa kwa uji mzito wa muhogo. Ndani nikaandika: "Baba mdogo, shamba lako ni sisi. Hongera kwa kuzaliwa."

Siku yenyewe, baada ya misa, tulikaa kula na majirani. Kaka yangu Kastori alikuwa amekuja kutoka Songea alikopata kazi, shati limenyooka kwa pasi. Akainyakua kadi kabla baba mdogo hajaifungua, akaiinua juu.

"Jamani, oneni! Takataka zimeshonwa! Na tangu lini mwanamume akapewa kadi? Huyu ni bibi harusi?"

Watu wakacheka. Alipoona wanacheka, akainama akapepea nayo jiko la mkaa. Nyuzi zikashika moto.

Baba mdogo aliiokoa kwa mkono mtupu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku ile aliunguruma.

"Kastori! Umri wote huu, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia hongera kwa kuzaliwa. Nawe umeichoma."

"Baba mdogo, nilikuwa natania."

"Utani una wenyewe. Mwombe radhi mdogo wako."

"Nimwombe radhi kwa boksi la sabuni?"

"Basi nyumba hii usiikanyage mpaka umwombe."

Hakuomba. Alirudi Songea, akakaa huko miaka, kiburi kikimfariji. Baba mdogo alipokufa, alikuja na shada kubwa la maua ya plastiki, akalia hadi akashikwa na watu. Sikumfuta machozi. Akaniuliza, "Alisema nini juu yangu?"

Nikamjibu, "Alikungoja."

Mpaka leo namsalimia, namwombea. Lakini lile neno la radhi hajalitamka.

Basi sikia, mwanangu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kitu kilichotoka mkononi mwa mtu usikipime kwa bei ya dukani, maana aliyekitengeneza ameketi nacho akikuwaza. Na mwanamume kunyamaza si kwamba hahitaji kukumbukwa. Hao wasiodai ndio tunaowasahau, halafu tunakwenda kuwalilia makaburini! Tena heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ukishajikwaa, omba radhi siku hiyohiyo, chakula hakijapoa. Usisubiri aibu ikutoke. Aibu ikikaa huota mizizi, ikawa kiburi.

Mungu akupe ulimi mpole na magoti mepesi. Wanao wakupongeze ungali unasikia. Sasa inuka, mdogo wako yuko nyuma ya nyumba, analia.