Chumvi Iliyokula Sakafu ya Gari la Papa

Gari la papa, baba yangu, halikuliwa na vita. Liliharibiwa na chumvi, na aliyeiweka chumvi hiyo ni mama.

Papa alilipata wakati wa uhuru, kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akalifanya teksi. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na papa alipoliendesha alivaa koti hata siku za joto kali. Kisha uasi ukaingia mjini. Papa alilisukuma hadi nyuma ya jiko, akang'oa magurudumu yote manne na kuyafukia kwenye mihogo, halafu akalifunika gari kwa matawi ya michikichi. Waasi walikuja mara mbili. Waliona chuma kisicho na miguu, wakakipiga teke, wakaenda zao.

Siku zile chumvi ilikuwa adimu kuliko nyama. Mama alikuwa na magunia mawili, akayaficha chini ya kiti cha nyuma. Kila jioni alichota kijiko kimoja chetu na kingine cha jirani yeyote aliyebisha hodi. Mtaa wetu ulikula pondu, mboga yetu ya majani ya mihogo, yenye ladha muda wote ule. Lakini matawi yalioza, mvua ikapenya, na chumvi iliyobaki ikaanza kula chuma kimyakimya.

Mambo yalipotulia tuliondoa matawi. Papa alifungua mlango, tukaona kuku amelalia mayai yake kwenye majani, ndani ya gari lakini juu ya ardhi tupu. Sakafu ya nyuma karibu yote haikuwepo. Mama alitazama mara moja tu, akarudi jikoni, akaanza kutwanga lituma kwa nguvu ambazo zile ndizi hazikustahili. Tangu siku hiyo hakulikaribia gari. Akitaka kuni zilizokuwa upande ule, alizunguka nyumba nzima.

Haukupita muda akaja mwenye mashua mmoja wa safari za mtoni hadi Opala. Hakuwa ndugu yetu, lakini sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa mnene wa kupendeza, wa kukaa kwenye viti viwili.

"Vieux," alimwambia papa, "mwili ya motokari iko imekufa, lakini moyo iko muzima. Unipe moyo, nitie mu mashua yangu."

Papa aliinamisha kichwa. Nilijua anakaribia kusema ndiyo, auze moteri, injini yenyewe. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, shule yangu imefungwa na vita kabla sijamaliza darasa la sita, na ndoto yangu ilikuwa moja: kukaa kando ya papa tukipeleka wasafiri uwanja wa ndege, nikiwafungulia mlango kama mawaziri.

"Papa, usiuze moteri. Mimi nitatengeneza sakafu."

"Wewe? Na nini, binti yangu? Na sindano?"

Tonton akacheka mpaka akashika mlango. "Bon! Nitarudi samedi. Kama sakafu yake itanibeba mimi, vile niko, nitaenda mikono mitupu. Kama haitanibeba, moteri iko yangu."

Papa akakubali. Basi uhai wa gari letu ukawa unategemea tumbo la tonton.

Nilianza kwa kusugua kutu kwa kipande cha tofali na mchanga wa mtoni. Kila niliposugua, tundu lilikua. Nilisugua mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikaosha, kisha nikalamba. Ndiyo, nililamba gari. Sikujua njia nyingine ya kujua kama chumvi imeisha. Niliosha mara tatu ndipo ulimi ukakosa la kusema.

Halafu nikakunjua makopo ya maziwa, nikayapigilia misumari juu ya matundu. Jumatano nikapanda kwa fahari, na mguu wangu ukapita hadi gotini. Nyuma ya ua nikasikia mtu anakohoa ili asicheke. Alikuwa jirani yetu, mzee wa familia za Kiislamu za zamani za mji wetu, fundi wa masanduku ya bati.

"Binti yangu, unapiga misumari ku chuma kama ku ubao?"

"Muzee, unicheke kwanza, kisha unisaidie."

"Nimeshacheka. Sikia. Motokari iko sanduku tu, yenye magurudumu. Sakafu ya sanduku haipigwi misumari. Inashikana mikono."

Akaja na nusu ya pipa la mafuta, chuma kinene, na mkasi wake mkubwa. Alinionyesha namna ya kukunja ukingo wa bamba moja juu na wa lingine chini, yaingiane kama vidole vilivyofungwa, kisha kuyagonga mpaka mkunjo ulale. Nilimuuliza kwa nini anaacha masanduku yake kwa ajili yetu.

"Miye nilikula ile chumvi miezi yote," alisema. "Donc tundu moja hapo iko yangu."

Alisema kwa sauti kubwa, na kishindo cha mchi wa mama jikoni kikakatika kidogo.

Mikunjo yangu ya kwanza ilikuwa kama masikio ya mbuzi. Ya mwisho aliipitishia kidole mara mbili, nami nikaona nimepewa cheti. Kandokando, pale palipobaki chuma kizima, tulitoboa na kukaza kwa vipande vya misumari tulivyoviponda vichwa pande zote mbili. Tukamaliza kwa lami. Papa alikuwa ameshafukua magurudumu bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi tonton alifika na vijana wawili wenye kamba ya kubebea moteri. Aliingia nyuma, akasimama ameinama, akaruka. Sakafu ililia kama ngoma. Akaruka tena. Gari lilichuchumaa, likainuka.

"Tatu!" papa alipiga kelele. "Ruka ya tatu, usije ukasema hatukukupa!"

Akaruka ya tatu, kichwa kikagonga paa, akatoka anajishika upara. "Alors, nimeshindwa na mutoto mwanamuke. Basi munipeleke ku mto, miguu inaniuma."

Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo walewale vijana waliokuja kuchukua moteri ndio waliosukuma mpaka ikawaka. Nilikaa mbele, kando ya papa. Tulipofika kwenye ua, papa alisimama bila kuzima, akafungua mlango wa nyuma, akangoja. Mama akatoka jikoni anapangusa mikono. Akaketi kando ya tonton, kwenye kile kiti cha chumvi, miguu ameiinua hewani asikanyage sakafu.

Aliiinua miguu hivyo hadi sokoni. Hapo nikageuka kidogo, nikaona ameteremsha mguu mmoja sakafuni. Niliangalia mbele haraka nisimwaibishe, nikamwacha na wa pili.