Sikusema Hatapona

Mwaka ule nilisoma mantiki jioni, orofa ya sita ya jengo moja katikati ya Nairobi, na nilikuwa mbovu kabisa. Unapewa mambo mawili matatu ya kuanzia, unateremka mstari kwa mstari hadi jibu, na pembeni ya kila mstari unaandika sababu yake. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika. Karatasi zangu zilirudi na swali lilelile kwa kalamu nyekundu: "Hii umeitoa wapi?"

Kilichonifungua macho ni lifti. Mwalimu alisema: stima zikipotea, lifti inasimama. Lifti imesimama. Je, stima zimepotea? Darasa zima likaitikia ndiyo. Akatazama juu. Taa zote zilikuwa zinawaka, nasi tulikuwa tumepanda ngazi tukihema kwa kuwa lifti iliharibika tangu muhula uanze.

"Haifuati," akasema. "Sijasema ni uongo. Nasema haifuati kutokana na niliyowapa."

Nilirudi nyumbani Kangemi nikijiona msomi.

Baba alikuwa kitandani, mgonjwa wa ini. Nilikuwa nimemsihi mama amwite dada yangu kutoka Mombasa, amwone baba angali anaongea. Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni akiimba. Baba alikuwa ameitisha nyama choma ya Kenyatta Market, akala vipande viwili.

"Daktari alisema akianza kupona ataitisha chakula," mama akaniambia. "Si ameitisha? Basi anapona. Dada yako asisumbuliwe, atakuja Krismasi."

Niliiona lifti palepale jikoni. Nikamweleza, Mungu anisamehe, kwa furaha ya mtu aliyepata hesabu: hata mgonjwa asiyepona huweza kutamani nyama. Haifuati, mama. Mwite dada.

Akatua sufuria juu ya jiko kwa kishindo. "Kwani unataka babako akufe?"

"Sijasema hatapona. Nimesema..."

"Nimesikia vile umesema."

Nilimpigia dada simu mwenyewe. Akamuuliza mama, mama akamwambia baba anakula nyama. Akabaki Mombasa.

Baba alifariki Jumapili moja asubuhi kabla ya Krismasi, chai yake ikiwa bado kwenye themosi. Dada alimkuta mochari. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na natumaini sitasikia tena.

Baada ya mazishi tulibaki watatu nyumbani. Mama alikuwa ameshika kikombe kitupu.

"Ulisema hatapona," akaniambia, "na hakupona. Si ungenyamaza tu."

Wakati huo nilikuwa nimeiva katika mantiki. Ningeweza kumwonyesha kila mstari uliokosekana hapo, na sababu zake pembeni. Lile swali la kalamu nyekundu lilinifika kooni, nikalimeza.

"Pole, mama," nikasema.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua ile pole kuwa nimekiri kumtakia baba kifo, akaingia chumbani kufunga mizigo yake. Hajanisemesha hadi leo.