Benki ya Wangari Iliyoshikwa kwa Uji

Hii habari sijawahi kuimaliza mbele ya watu, kwa sababu kuna mahali nikifika uso unaanza kunichoma, lakini mkienda mtaani kwetu Skuta mtaisikia imeongezwa chumvi, kwa hivyo afadhali niwaambie mimi mwenyewe. Niliaibika mbele ya akina mama wa kanisa, nikaaibika mbele ya mama mkwe, na hiyo yote ningeivumilia kama Nyawira hangekuwa amekaa hapo akiangalia.

Nyawira alikuwa jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, ukuta mmoja tu katikati, na tulijifungua karibu wakati mmoja, yeye kijana, mimi msichana. Kwetu akina mama wakija kuona mtoto, kila mmoja humtilia sarafu mkononi, na wakati huo (ile sarafu ya shilingi kumi yenye rangi mbili ilikuwa bado mpya, watu wanaigeuzageuza kama pambo) kila mtu alitaka mtoto awe na benki ya mbao, yaani kisanduku chenye tundu juu, pesa zikitoka mkononi zinaingia humo mpaka mtoto akue. Tulipoenda kuona mtoto wa Nyawira nikaikuta yake mezani, mbao ya saipresi iliyopigwa randa mpaka inateleza, vanishi inang'aa, jina la mtoto limechongwa mbele. Nikamuuliza amenunua wapi.

"Kununua? Si ni Baba Wangari alinitengenezea," akasema. "Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia. Baba Wangari ni bwanangu. Ni fundi wa mbao, watu wanamfuata mpaka nyumbani na kazi zao, na mimi stuli yangu ya jikoni ilikuwa na miguu mitatu (wa nne ulikuwa tofali) tangu nikiwa na mimba.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani aulize. Mimi nilinyamaza. Nikampikia, nikampakulia, nikangoja aone mwenyewe kwamba hata mtoto wake anahitaji benki, na yeye akala, akasema chakula ni kitamu, akalala. Usiku huo na mwingine nikimsikia Nyawira akicheka upande wa pili wa ukuta nilikuwa najua anacheka nini, ingawa sasa nikifikiria labda alikuwa anasikiliza redio. Jumamosi ya akina mama kuja kwangu ikakaribia. Nilitaka kitu kimoja tu, watu waone kwamba Wangari hakupendwa kidogo kuliko mtoto wa Nyawira. Nikasema basi, nitaitengeneza mwenyewe, na itakuwa kubwa kuliko ile.

Nikavunja sanduku la nyanya. Nyundo Baba Wangari alikuwa ameenda nayo kazini, nikajaribu kugonga misumari kwa jiwe, mbao ikapasuka, nyingine ikapasuka, na hapo ndipo nikakumbuka shuleni tulivyokuwa tukibandika karatasi ukutani kwa uji mzito wa unga wa ngano, na hizo karatasi nafikiri ziko huko mpaka leo. Nikapika uji. Hakuna mtu aliniambia mbao si karatasi, na hakuna mtu aliniambia Julai ya Nyeri, na ule ukungu wake, hata nguo ya mtoto inakaa kwenye kamba siku nzima na haikauki. Nikapaka, nikabana, nikaiweka karibu na jiko la makaa ikakauka kwa nje. Vanishi sikuwa nayo, nikachukua rangi ya viatu ya kahawia nikasugua mpaka ikang'aa, nikaandika WANGARI kwa waya wa moto.

Lakini nikiiinua, nyepesi. Ya Nyawira ilikuwa imeshajazwa na wageni, ukiitingisha inalia. Yangu ukiigonga ilikuwa inalia kama debe tupu. Kwa hivyo (hapa ndipo uso unanichoma) kabla sijabandika chini yake nilizunguka nyuma ya baa, nikaokota vifuniko vya chupa mfuko mzima, nikavipondaponda vikawa bapa, nikavitia ndani. Nikaitingisha. Mtoto alikuwa tajiri.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, wakaomba, wakanywa chai. Mama mkwe alikuwa ametoka Chaka asubuhi, amekaa kwenye kiti kizuri, kwa sababu hii ilikuwa siku yake pia. Mnajua msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo Wangari ni yeye, na kitu ukimfanyia mtoto umemfanyia yeye. Alipoona jina lake kwenye sanduku aliliangalia sana, akanishika mkono, na Nyawira akaona. Nikimwona Nyawira akiona, nilishiba.

Mama Njoroge, mwenyekiti wao, akaichukua ile benki ili sarafu zianze kuingia. Akaiinua.

"Ati hii yote ni ya mtoto? Na hata hatujampatia kitu?"

"Babake anamtilia kidogo kidogo," nikasema, na sikuhema.

Akaiweka sikioni akaitingisha, akaitingisha tena, na alipoitoa tukaona shavu lake ni la kahawia na kile kitambaa cheupe kina alama kama kiatu kimekanyaga. Nikaruka nikitaka kumpangusa kabla hajajua, nikagusa sanduku, na chini yake ikaachilia. Haikuvunjika. Iliteleza tu polepole na uji wake, halafu vifuniko vyote vikamwagika kwenye mapaja ya Mama Njoroge, vikaendelea sakafuni, kimoja kikaviringika mpaka kwenye viatu vya mama mkwe kikalala hapo.

Akakiokota. Akakigeuza, akakinusa.

"Hii ni ya pombe," akasema. "Wangari ndiye mimi. Kwa hivyo mimi mmenijaza hii?"

Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani ni Baba Wangari anakunywa, ama ni huyu?" Na Nyawira akapiga magoti akaanza kuviokota kimoja kimoja, akiniambia, "Pole Mama Wangari, hata yangu iliachilia kidogo." Uongo. Yake ungeweza kuikalia. Ningependa anitukane.

Baba Wangari akaingia wakati huo huo kusalimia wageni, na nyundo kwenye mkoba. Akaangalia mwenyekiti na shavu lake, akaangalia mbao, akagusa uji kwa kidole.

"Hii nani alitengeneza?"

"Mimi. Kwa sababu wewe unatengenezea wengine."

Mbele ya akina mama wote.

"Nyawira aliniomba," akasema. "Alikuja akaniambia nataka benki. Wewe uliniomba lini?"

Nilitafuta ni lini. Nilikuwa nimegonga sufuria, nilikuwa nimempa mgongo kitandani, nilikuwa nimeiweka ile stuli ya tofali mahali ataikwaa. Kuomba kwa mdomo sikuwa nimeomba, na yeye ni wa kuambiwa, kichwa chake ni cha mbao. Mama mkwe ndiye alimaliza maneno, akimgeukia mwanawe.

"Kariuki, nipigilie msumari. Nimekaa wazi chini, wageni wananiona."

Hapo ndipo walicheka, na mimi nikaenda kulia jikoni kidogo kwenye stuli yangu ya tofali.

Akaipigilia pale pale. Sarafu zikaingia. Hakuna aliyetaka benki mpya tena, mama mkwe alikataa, alisema hiyo ndiyo yake, na kuna kifuniko kimoja kilibaki ndani ambacho ukiitingisha unakisikia mpaka leo. Tangu siku hiyo sijapika uji wa ngano, na nikitaka kitu kwa Baba Wangari siku hizi sigongi sufuria. Nasimama karibu na ukuta wa Nyawira ndio naitisha, kwa sauti, naye asikie, na sasa stuli ina miguu minne.