Mutu Aliyevua kwa Permi ya Mujomba

Watu wa Nyangwe wakitaka kumusifu mutu wanasema ana mukono wa samaki. Mimi nikitaka kumusifu Zéphirin ninasema ana kinywa. Si kinywa cha kuongea sana, hapana. Kwa kazi hiyo niko mimi, Yvette, muuza samaki pale bandarini, na anayebisha aje tuonane. Ninasema kinywa juu ya neno moja tu alilolitoa kule Kasongo, ndani ya biro, ofisi ya serikali, wazee wa ukoo wake wakimukatazia kwa macho. Wanaume wengi wenye sauti nzito wangelimeza.

Zéphirin alizaliwa Lusangi. Ujana wake aliumalizia Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, na alichorudi nacho ni kikohozi na redio isiyosema. Mujomba wake Kalonda ndiye aliyemupokea hapa Nyangwe. Kalonda alikuwa mvuvi wa ndoano. Nyavu hakuzipenda, alisema zinabeba hata samaki mutoto ambaye hajamujua mama yake. Akamufundisha mupwa wake kufunga mushipi, kukata sabuni ya mawese vipande vidogo iwe chambo cha kambale, na kunyamaza. Ole, mwanzoni hakujua kitu! Siku moja alijinasa ndoano kwenye suruali yake mwenyewe, tukacheka mupaka beseni yangu ikamwagika. Hakukasirika. Ukimwonyesha Zéphirin kosa lake, anakuambia: "Nionyeshe tena." Ni tabia ambayo mimi sina, na ninamuonea wivu.

Kisha homa ikamuchukua Kalonda.

Sasa musikilize vizuri. Katika ukoo wao jina la mutu halizikwi. Siku ya matanga wazee wanachagua mupwa wa marehemu, wanamukalisha juu ya mukeka, wanamupa shoka, wanamupa mutumbwi, wanamupa na jina. Tangu saa ile yeye ndiye Kalonda. Watoto wa marehemu wanamwita baba. Mama Emilienne, mujane, anamusalimia: "Kalonda, umeamukaje?" Halali naye kama muke, hapana, musiniwekee maneno kinywani, lakini yeye na watoto wake wanakula kwa jasho la huyo mupwa. Na neno "Kalonda alikufa" halisemwi tena. Mwenye jina akilisema, wazee wanahesabu amemuua mujomba wake mara ya pili, na jina linamutoka.

Zéphirin alibeba mambo yote hayo bila kulalamika. Alilima shamba la Emilienne, akaezeka nyumba yake, akasomesha watoto. Na kati ya vitu alivyopewa pale mukekani kulikuwa na permi, ile karatasi ya ruhusa ya kuvua, yenye jina la Kalonda na foto ya Kalonda. Hakuificha. Kila mwaka mutu mumoja wa bandarini alizibeba permi za wavuvi wote mupaka Kasongo, nayo ikarudi na muhuri mupya. Zéphirin alifuga hata ndevu ili afanane na foto. Ndevu zenyewe zilikuwa haba, tukamutania kwamba mujomba wake amenyonyolewa huko alikokwenda.

Ndipo akaja Iliasi, ajenti mupya wa uvuvi, mutoto wa familia ya Waislamu wa Kasongo mujini, kofia nyeupe, viatu safi. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya kazi, akaomba permi. Akaangalia foto, akamuangalia Zéphirin.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Ni Kalonda."

"Huyu pua yake imepinda. Mama yako alikuita nani?"

"Zéphirin."

"Kwa hiyo Kalonda iko wapi?"

Zéphirin akajigonga kifua. "Iko hapa." Na sisi wote pale bandarini tukapaza sauti: ndiye, ndiye Kalonda, kwani wewe ajenti una kichwa cha namna gani? Mimi nilimutukana kidogo. Sawa, nilimutukana sana. Alifunga mutumbwi kwa munyororo kwenye kisiki, akasema utabaki pale mupaka mwenye permi afike mwenyewe biro ya Kasongo. Mwenye permi, jamani! Mutu ambaye sisi wenyewe tulimufukia!

Bila mutumbwi ule nyumba mbili zilikuwa hazina mboga: ya Zéphirin na ya Emilienne. Alijaribu kuvua akiwa ukingoni, akapata vidagaa vya kuchekesha paka. Watoto wakala sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki. Wazee wakakutana, na Muzee Clovis, kichwa cha ukoo, akatoa shauri: twende wote Kasongo tukaape. Watu wengi wakisema huyu ni Kalonda, foto ni nini? Emilienne akaniomba nimusindikize, nikapanda moto nyuma yake, hasira yangu nikaibeba bila kulipia.

Iliasi alitupokea vizuri, akatafutia wazee viti mupaka kwa jirani. Muzee Clovis akaapa, na wengine wakaapa. Ajenti akasikiliza mupaka mwisho, akapangusa uso.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Mukisema nyote kwamba ndiye huyu wa kwenye permi, na mutie dole, mimi si Mungu wa kubishana na ukoo muzima. Nitafungua munyororo."

Nilipiga kigelegele. Muzee Clovis alikuwa tayari anatoa kidole. Na hapo Zéphirin, huyo huyo anayependa kuonyeshwa tena, akauliza swali.

"Muheshimiwa, nieleze kwanza. Shamba nimerizi, mutumbwi nimerizi. Juu ya nini permi haina kurizi?"

Nilitaka kumufinya. Mutu amefunguliwa mulango, badala ya kutoka anauliza bawaba! Lakini kuuliza si ujinga, na Iliasi alifurahi. Nafikiri hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Juu permi si mali," akasema. "Shamba ni mali, mutumbwi ni mali. Permi ni ruhusa, amepewa mutu mumoja kwa jina lake na uso wake. Haiazimwi, haiuzwi. Mwenyewe akifa, imekufa naye. Inarudishwa hapa, na anayebaki anaomba ya kwake."

"Lakini mimi ndiye yeye."

"Kwa ukoo, sawa, siingilii. Kwa muto je? Kesho Lualaba ikikubeba, mutumbwi ukarudi peke yake na karatasi hii ndani, nitaandika nani amezama? Nitaandika Kalonda. Na Zéphirin amekwenda wapi? Mama yako akitoka Lusangi kuja kuuliza mutoto wake, nitamuambia nini? Nitamuambia mutu huyo hatumujui, hakuwahi kuvua hapa."

Nilikumbuka kwamba tangu matanga yale sijamwita jina lake. Hakuna aliyemwita. Tulikuwa tumemuzika mutu muzima na yeye anatupa kitoweo.

"Nikitaka ya kwangu?" akauliza polepole.

"Rudisha hii. Sema kwa kinywa chako mwenyewe mwenye nayo amekuwaje, na mutu wa nyumba yake ahakikishe."

Muzee Clovis akakohoa, kile kikohozi cha kukataza. "Kalonda. Angalia kinywa chako."

Zéphirin alisimama. Alimupenda mujomba yule kuliko baba yake, kila mutu anajua. Akaweka permi juu ya meza kwa mikono miwili.

"Kalonda alikufa," akasema. "Mimi ni Zéphirin."

Mungu wangu, wazee waliinuka kama wamemwagiwa maji ya moto. Clovis alimunyooshea kidole: jina limekutoka, nyumba ile si yako tena, watoto wale si wako, huna deni lolote kwao. Na mutumbwi baki nao, hatutaki kitu kilichosemewa kifo. Wakaketi tena, wakaangalia ukuta. Iliasi akauliza nani wa nyumba ya marehemu anahakikisha. Hakuna. Akauliza tena, na nilimuona Zéphirin anafunga macho, maana bila mutu huyo amepoteza jina na permi pamoja.

Emilienne akaachia mukono wangu.

"Alikufa," akasema. "Alikufia mikononi mwangu, alfajiri, akiomba maji. Andika."

Iliasi akaandika.

Permi ikatoka, na foto ya Zéphirin ikiwa na kidevu kilichonyolewa, sura ya mutu aliyetoka kuamuka. Munyororo ukafunguliwa. Leo wavuvi wengine waliokuwa na karatasi za marehemu wao wanamufuata awaeleze, naye anaeleza bila kujitukuza, anayerudi kuuliza anaelezwa tena. Mimi mwanamuke wa matusi ninasema wazi: ninamuheshimu mutu huyo.

Lakini asubuhi ya kwanza aliyorudi majini ndiyo inayokaa ndani yangu. Nilikuwa bandarini na beseni, na nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu za biashara: sasa wazee wamemufungulia mizigo, samaki wa kwanza atakuwa wangu. Akafika na kambale munene, ndevu zake zinacheza bado. Akanipita. Alinipita kama kisiki! Nikamufuata kwa hasira mupaka kwa Emilienne, nikamukuta amesimama mulangoni, kambale chini.

Emilienne alikuwa anamuangalia samaki bila kumugusa.

"Wamesema huna deni kwetu," akamuambia. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Mama. Nimekuja mimi."

Mwanamuke akashika mulango. Kisha akakaa chini pale pale kwenye udongo, akafungua kinywa na kumwita bwana yake, "Kalonda wangu ee, Kalonda wangu," kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, maana siku ya matanga tulimunyamazisha: unamulilia nani, na bwana yako huyu hapa, amekaa? Zéphirin hakumunyamazisha. Alivua kofia. Mimi nikaweka beseni chini, nikakaa karibu na Emilienne, na majirani wakaanza kutoka wakijifunga vitenge, wakaja kulia naye.