Pumzi za Bi Saadiya Wodini

Bi Saadiya Humoud anauza vitambaa vya harusi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika duka aliloachiwa na marehemu baba yake. Ni mwanamke wa kunukia udi tangu asubuhi, na maharusi wengi wa Magomeni na Ilala wamepita mikononi mwake. Alipoanza kusinzia akiwa amesimama, mkasi mkononi na mteja mbele yake, alisema ni uchovu tu. Binti yake, Samah, alijua zaidi, maana walilala chumba kimoja. Alimsikia mama yake akikoroma, kisha akinyamaza kabisa kama aliyezibwa koo, kisha akishtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Akampeleka kwa daktari. Wakaambiwa ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na Bi Saadiya akapewa mashine ndogo ya kulalia, yenye bomba na barakoa ya puani, inayosukuma hewa ili koo lisijifunge.

Mashine ilimfaa sana. Aliamka mwepesi, kichwa hakimuumi. Lakini hakutaka mtu ajue. Kukoroma, kwa fikra zake, kulikuwa mambo ya wanaume, na barakoa ile ilimfanya ajione kituko. Wageni wakija, mashine ilifichwa kabatini chini ya mashuka.

Ndipo akagundulika ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, akatakiwa kufanyiwa upasuaji. Samah aliitia mashine kwenye begi la hospitali. Mama yake akaitoa kimyakimya na kuirudisha kabatini. Wodi ni ya watu wengi, na katika watu wengi hakosekani mteja.

Hospitali yenyewe haikuwa ile aliyotibiwa usingizi, kwa hiyo hawakuwa na habari zake. Kabla ya upasuaji, daktari wa kuwatia wagonjwa nusu kaputi, kijana mmoja mpole aitwaye Benjamini, alipita kitandani, akamwamkia, akamuuliza kama ana maradhi mengine, kama anakoroma, kama amewahi kuambiwa kwamba pumzi zinakatika akilala. Samah alikuwa ametoka kufuata chai. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio.

"Nakoroma kidogo tu, mwanangu, kama watu wote," alijibu.

Upasuaji ulikwenda salama. Mchana alirudishwa wodini akiwa bado na ulevi wa nusu kaputi, akachomwa sindano kali ya maumivu, akazama usingizini chali.

Kitanda cha pili yake alilala Severa, mama wa Kilimanjaro anayeuza vyombo kwa jumla hapohapo Kariakoo, mguu wake umefungwa plasta. Walikuwa hawajuani. Severa alilea binti mwenye pumu, na miaka ya kusikiliza kifua cha mtoto ilimfundisha kuwa kuna kimya cha kupumzika na kuna kimya cha hatari. Aliposikia koromo limekatika na halirudi, aligeuza shingo. Midomo ya jirani yake ilikuwa imebadilika rangi. Akaita nesi kwa sauti iliyofika hadi nje ya mlango.

Nesi Sophia alikuja mbio, akamtikisa mgonjwa, akamwinua kidevu, akamwekea oksijeni. Bi Saadiya alipofumbua macho aliona nyuso zimemzunguka: nesi, daktari Benjamini, na Samah amesimama nyuma yao analia.

"Mama ana mashine yake," Samah alimwambia daktari. "Niliiweka mwenyewe kwenye begi."

Bi Saadiya alitamani kujifunika shuka gubigubi. Hata hivyo alieleza yote, kwa sauti ya kukwaruza, akasubiri kukaripiwa. Benjamini alivuta kiti akaketi. Alisema swali lile hakupaswa kumuuliza mbele ya wodi nzima, akamwomba radhi. Kisha akamfafanulia kwamba dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo, kwa hiyo mtu kama yeye huihitaji mashine hospitalini kuliko hata nyumbani. Iletwe ya kwake, yenye barakoa iliyouzoea uso wake, na aivae kila anapolala, hata usingizi wa mchana. Akampunguzia dawa kali, akaagiza kichwa cha kitanda kiinuliwe na awekewe kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni.

Samah alichukua bodaboda hadi nyumbani. Aliporudi na mashine, ikaonekana soketi inayofanya kazi iko upande wa Severa, na waya haufiki. Nesi Sophia akawa anahangaika kutafuta waya wa kuunganishia.

"Nesi, tubadilisheni vitanda," alisema Severa. "Mguu wangu hauli umeme."

Wodi nzima ikacheka, na Bi Saadiya naye akacheka huku ameshika kidonda chake. Vitanda vikasukumwa. Sophia alikuwa hajawahi kuishika mashine ya aina ile, akamwomba Samah amwonyeshe kufunga mikanda, kisha akamfundisha nesi wa zamu iliyofuata. Barakoa ilipovaliwa hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa upande wa dirishani aliuliza tu huo ni ugonjwa gani, kwa sababu mumewe, dereva wa malori ya bandarini, anasinzia kwenye usukani. Bi Saadiya aliivua barakoa akamweleza mwanzo hadi mwisho, na akamwelekeza kwa daktari wake.

Asubuhi aliamka kifua chepesi. Severa alikuwa amekwisha kuamka, anakunywa uji.

"Umelala vizuri, Mama Samah. Nilikuwa nasikiliza."

Bi Saadiya alinyoosha mkono kati ya vitanda viwili, Severa akaweka kikombe chini, akaupokea.

Siku hizi, kila Ijumaa baada ya swala, hotipoti ya biriani hutoka Mtaa wa Sikukuu kwenda duka la vyombo. Haijawahi kurudi tupu. Severa huirudisha na ndizi, au maparachichi yaliyoshuka kutoka Moshi.