Jicho la Kogo

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Sotik, kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kumtangulia nyanya yangu njiani. Sisi Wakipsigis nyanya humwita Kogo. Kogo alitaka niwe mbele yake kidogo, kama ng'ombe mwenye kengele, ili nikikutana na mwanamke aliyebeba mtoto mchanga nimwambie, "Funika mtoto, Kogo anakuja." Nilitangaza bila haya, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani.

Sababu ilikuwa uso wake. Jicho la kushoto lilijifunga lenyewe, shavu likavutika juu hadi pembe ya mdomo ikapanda, kisha vyote vikaachia na kuanza tena. Hakuhisi maumivu. Mambo yalianza na ukope tu kuchezacheza, na mwanzoni watu walifurahi, maana jicho likicheza mgeni yuko njiani, na Kogo alikuwa mwepesi wa kuinjika chai. Wageni wasipofika, chai yao tuliinywa sisi.

Miaka ilivyopita upande mzima wa uso ukashikwa, na mzaha ukaisha. Kwetu kuna imani ya jicho. Inasemekana kuna mtu ambaye akimtazama mtoto mchanga au ndama, hata kwa kumpenda tu, kiumbe hicho hudhoofika. Si lazima awe mtu mbaya. Dawa ni amtemee mtoto mate kidogo kifuani, jambo ambalo kwetu ni baraka pia. Kogo, kwa kuwahofia watoto wa watu, alitema kila alikopita.

Kisha tukampoteza dada yangu mdogo. Alikuwa mchanga bado alipopatwa na homa ya mapafu wakati wa mvua nyingi, na Kogo alikuwa amempakata siku moja kabla. Hakuna aliyemlaumu waziwazi. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kule kwenye kituo cha kupimia majani chai wanawake walianza kunyamaza tulipofika na vikapu vyetu. Mama naye hakusema kitu, na kimya chake ndicho kilichomuumiza Kogo kuliko maneno yote ya kituoni. Ndipo bila kuambiwa na mtu akahamishia kitanda chake kwenye jiko la nje, akaanza kujifunika nusu ya uso kwa leso, na mimi akanipa ile kazi yangu. Leo mimi ni mwalimu, na nikifikiria mwanamke mzima akijitangaza kuwa hatari kwa mdomo wa mjukuu wake, natamani ningeikataa kazi ile. Wakati ule niliona ni mchezo.

Mama alipopata mimba tena, Senge alikuja kututembelea. Senge ni shangazi, dada ya baba, na alikuwa akifanya kazi Kericho mjini. Akaliona tumbo la mama, akaiona leso usoni mwa mama yake, akasema Kogo ataenda hospitali.

"Jicho si ugonjwa," Kogo akasema. "Utaambia daktari atoe nini?"

"Atoe chenye atapata."

Kogo akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi, Chebet wake, nitangulie. Basi tukaenda hivyo, mimi mbele kwenye korido za hospitali nikiwatafuta akina mama wenye watoto, na Senge nyuma akinifinya bega nisifungue mdomo.

Tulitumwa hadi Nairobi. Kogo akapigwa picha ya kichwa, na daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, akatuketisha. Alisema polepole, akimwita Shosho, yaani nyanya, Senge akimfasiria Kogo kwa Kikipsigis.

"Shosho, huku ndani, nyuma ya sikio, kuna mshipa ya damu imelalia neva yenye inatumikia uso. Mshipa ikipiga, inaisugua. Neva inachanganyikiwa, inaambia jicho ijifunge. Tutafungua hapa nyuma kidogo, tusogeze hiyo mshipa, tuweke kitu laini kama pamba katikati."

Hakuficha hatari. Alisema sikio la upande huo linaweza kupotea, na kwamba kufungua kichwa cha mtu si jambo dogo. Kogo alisikiliza yote kisha akauliza swali moja, na Senge akasita kabla ya kulifasiri.

"Anauliza kama hiyo mshipa inaweza kuua mtoto ya mtu."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. "Mwambie hapana. Jicho yake ni nzima. Hakuna kitu mbaya inatoka huko."

Kogo akalia. Upande mmoja wa uso ulilia kama uso wa mtu yeyote, na ule mwingine uliendelea kurukaruka.

Alipasuliwa, akaamka, akarudi nyumbani na kitambaa kichwani na kovu nyuma ya sikio. Na jicho likaendelea kujifunga. Daktari alikuwa ameonya kwamba neva iliyosuguliwa miaka mingi haiachi tabia yake mara moja, kwamba zinaweza kupita wiki, hata miezi. Ni kama ng'ombe aliyezoea fimbo, ambaye anashtuka hata ukiinua mkono kujikuna. Lakini nani angeeleza hayo kwenye kituo cha majani chai? "Hata daktari wa Nairobi ameshindwa na hiyo jicho," walisema, na Kogo akaipandisha leso yake.

Katikati ya ngoja ngoja hiyo mama akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto kwetu hutafutiwa jina la marehemu wa ukoo. Wanawake wazee wa upande wa baba huketi kumzunguka, wakitaja majina ya waliotutangulia, ugoro kidogo ukiwa karibu na pua yake, na jina analolipigia chafya ndilo lake. Tulikuwa watu wa kanisa, lakini jambo hili tulilifanya bila kumsumbua pasta. Wa kumpakata mtoto na kutaja majina alikuwa Kogo, mama mwenye boma. Siku hiyo aliketi nje, ukutani mwa jiko lake, akanituma niseme wengine waendelee.

Mama alitoka mwenyewe, mtoto kifuani.

"Kogo, wamama wanangoja."

"Waanze. Mimi nitasikia kutoka hapa."

"Hawajui majina kama wewe."

"Uso bado, Mama Chebet. Si unaona."

"Naona."

Mama akaishusha ile leso kwa mkono wake, akamweka mtoto mapajani mwa Kogo. Jicho likajifunga, likafunguka, likajifunga. Mwanamke mmoja akaja mbio na shali ili amfunike mtoto.

"Wacha," mama akasema. "Amwangalie."

Kogo akaanza kutaja. Jina la marehemu mume wake alilirudia mara kadhaa, na sote tukajua analotamani. Mtoto kimya. Akafika kwa shemeji yake, mzee mmoja mlevi aliyemharibia sherehe zote alipokuwa hai, akalitaja haraka haraka apite. Mtoto akapiga chafya.

"Hata huko aliko bado ananifuata," Kogo akasema. Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega, na yeye akamtemea mtoto mate ya baraka kifuani.

Uso wake ulitulia baadaye. Asubuhi moja nilimpelekea chai nikakuta pande zote mbili zinafanana. Sikusema neno, nikihofia kuikumbusha neva. Kijijini walisema daktari alilitoa jicho baya, na Kogo akawaacha waseme.

Mtoto yule sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kabianga. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama ushindi wa elimu, hadi siku moja tukichuma chai nilipomuuliza mama kama siku ile alikuwa ameshamwamini daktari.

"Daktari gani? Nilikuwa naogopa sana. Usiku nilikaa tu nikisikiliza kama mtoto anapumua."

"Sasa mbona ulimpa?"

Mama akaendelea kuchuma. "Alikuwa amekaa peke yake."

Daktari aliutuliza uso wa Kogo, na shukrani yangu kwake haitaisha. Lakini aliyemrudisha Kogo kwetu ni mama, na alimrudisha huku mama mwenyewe bado anaamini kwamba jicho lile linaua.