Bi Tena wa Chumba cha Mishipa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri na fupi, lakini pale hospitalini hakuna aliyelitumia. Walimwita Bi Tena, na sababu yake anaijua kila mgonjwa aliyewahi kulala juu ya kitanda chembamba cha chumba cha mishipa. Unafika pale umefunikwa shuka, roho mkononi, unangoja dawa. Badala ya dawa unapata maswali. Jina lako kamili? Ulizaliwa lini? Tunatibu upande gani? Ukishajibu ukadhani yameisha, mama huyo analitazama faili, anakutazama wewe, kisha anasema, "Sema tena."

Mzee mmoja alimuuliza kama yeye ni nesi au askari. Bi Tena alimjibu kwa upole kuwa askari huuliza mara moja tu. Halafu akamwambia aseme tena.

Chumba cha mishipa ni mahali watu wanapotibiwa bila kupasuliwa. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, akapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu huku akiufuata kwa picha za eksirei kwenye kioo, mpaka ufike palipoziba. Juu ya waya huo hupitisha mrija wenye puto, akalijaza puto, njia ikafunguka. Bi Tena alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba hicho. Nyaya alizihesabu zinapoingia na zinapotoka. Aproni ya risasi inayokinga mionzi, nzito kama mtoto wa miezi minane, aliivaa asubuhi nzima bila kulalamika, akaja kulalamika jioni nzima nyumbani. Na alikuwa na kitabu cha miongozo ya kazi, kurasa arobaini na mbili, alichokifunika kwa plastiki ya meza ili kisiloe dawa. Watu wengine pale walikijua kwa jalada. Yeye alikijua kwa namba za kurasa.

Daktari wa chumba hicho alikuwa kijana mwenye vyeti vingi kuliko mvi, mkono wake mwepesi, tabia yake njema, ugonjwa wake mmoja tu: utafiti. Kwa miezi kumi na moja alikuwa akipima kila hatua ya kazi inachukua dakika ngapi na imezuia makosa mangapi, akabandikwa jina la Daktari Saa. Matokeo yalipoanza kutoka, maswali ya Bi Tena yalionekana kula dakika nne kwa kila mgonjwa. Makosa yaliyozuiwa: sifuri. Ile sifuri ilimkaa Bi Tena kooni kama mwiba.

"Mama, mimi sikatai maswali," Daktari Saa alimwambia. "Nasema mara moja inatosha. Takwimu ndizo zinazosema hivyo."

"Takwimu hazijawahi kulala kwenye kitanda hiki," alisema Bi Tena, akaenda kuhesabu nyaya zake.

Mambo yalikuwa hapo wakati kaka yake alipoanza kuumwa mguu.

Kaka huyo alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea Bi Tena baada ya baba yao kufariki. Sare zake zote za shule alizishona yeye, na karo yake yote ilitoka chini ya mguu wa kulia wa Fundi, maana ndio uliokanyaga cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Sasa mguu huo huo ulikuwa umeziba mshipa juu ya goti. Kidole kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Daktari wa upasuaji alisema waziwazi: mshipa usipofunguliwa wiki hii, mguu utakatwa. Fundi aliposikia hayo aliuliza kama kuna cherehani ya kukanyaga kwa kiwiko.

Alikuwa mtu wa mzaha namna hiyo. Na alikuwa na uongo mmoja, mdogo, wa siku zote. Alipofiwa na mke wa kwanza akaoa tena, alijipunguzia miaka sita kama anavyopunguza suruali kiunoni. Umri wake wa kweli ulikuwa sitini na minne. Kwa mke mpya na kwa mtaa mzima alikuwa na hamsini na minane. Bi Tena alijua, na kwa heshima ya kaka alinyamaza.

Ukurasa wa saba wa kitabu unasema mhudumu asimhudumie ndugu yake. Daktari Saa, ambaye kitabu hakukisoma sana, ukurasa huo aliukumbuka.

"Mama, kinyozi hajinyoi," alisema asubuhi ya kumtibu Fundi.

"Akijinyoa?"

"Hujikata."

"Basi mimi sijinyoi. Namnyoa kaka." Akafunga aproni. Nani mwingine, alijiuliza, angemhesabia Fundi nyaya kwa uchungu kama wake?

Fundi akaingizwa, amelala chali, amefunikwa mpaka kidevuni. Mpiga picha akaweka mashine sawa. Daktari akaanza kupaka dawa ya kusafishia kwenye kinena cha kulia. Ikafika zamu ya maswali, na hapo Bi Tena akashikwa na haya. Atamuulizaje jina mtu aliyempa yeye jina la utani kabla hajaota meno? Swali la kwanza akaliruka. Utepe wa mkononi ulikuwa na jina, na faili lilikuwa na jina lile lile, yote matatu. Akaweka alama ya vema.

"Kaka, ulizaliwa lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe andika hamsini na minane, mdogo wangu. Usinivunjie nyumba."

Bi Tena akatazama faili. Umri: sabini na mmoja. Akacheka kimoyomoyo. Leo uongo wa kaka umegongana na karatasi, alijisemea, akaweka vema ya pili.

"Na mguu gani?"

"Si huu huu mnaoupaka rangi kama ukuta?"

Vema ya tatu. Zote tatu zilikuwa zimechukua nusu dakika, na Daktari Saa alitabasamu nyuma ya barakoa.

Bi Tena akampa daktari sindano ya ganzi. Mkono wake ulikuwa bado haujarudi mezani akili ilipoanza kumkwaruza. Kaka yake ni muongo, sawa. Lakini miaka yote aliyodanganya, alidanganya kwenda chini. Hajawahi kujizeesha hata siku moja, wala hajui namna yake. Na aliyemwandikisha mapokezi alikuwa wifi, ambaye anaamini hamsini na minane. Sasa sabini na mmoja imetoka kwa nani?

"Daktari, simama."

Sindano ikabaki hewani. "Ganzi tayari, Mama. Nini?"

"Weka chini. Soma faili, tunatibu mguu gani?"

"Wa kushoto. Ndiyo maana naingilia kulia." Na ni kweli, katika kazi ile mguu mgonjwa mara nyingi hufikiwa kwa mlango wa upande wa pili: waya huingia kinena cha kulia, ukavuka tumboni, ukashuka mguu wa kushoto. Fundi, ambaye mguu wake mgonjwa ni wa kulia, aliona kulia panapakwa dawa akaridhika. Daktari aliyesoma kushoto alipaka kulia akaridhika. Wote wawili walikubaliana kabisa, kila mtu juu ya mguu wake.

Bi Tena alikwenda mwisho wa kitanda akafunua shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima, una joto lake. Wa kulia ulikuwa baridi, kidole cheusi.

Bi Tena aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika miaka kumi na tisa. Wangepitisha waya katika mguu mzima wa kaka yake, wangejaza puto mahali pasipo na shida, labda wangeuchana mshipa. Na mguu wa cherehani ungeendelea kufa chini ya shuka.

Mpiga picha alikimbia mapokezi, akarudi na faili la pili. Majina matatu yale yale, mguu wa kulia, umri hamsini na minane. Mwenye faili la kwanza, mzee wa sabini na mmoja, alikuwa amekaa kwenye benchi nje akingoja zamu ya saa tano. Nyuma ya mpiga picha alikuja wifi mwenyewe, aliyesikia mbio akadhani mume amekufa. Akazuiwa mlangoni.

Bi Tena akasimama kichwani pa kaka yake. Haya ilikuwa imekwisha yote.

"Jina lako kamili?"

Fundi akalitaja.

"Ulizaliwa lini? Na hapa hatutaki umri wa posa. Rangi tunayotia mshipani ili uonekane pichani inapita kwenye figo, na daktari anataka umri wa kweli wa figo zako."

Fundi akageuza macho mlangoni, akamwona mke. Akayafumba. "Sitini na minne," alisema polepole, na akaitaja siku na mwezi.

"Sema tena."

"Sitini na minne, jamani."

"Najua," wifi alisema kutoka mlangoni. "Nimejua tangu mwaka wa pili wa ndoa. Mapokezi niliandikisha hamsini na minane kwa heshima yako tu."

Daktari Saa aliinama ghafla kutafuta kitu sakafuni, mabega yakimtikisika. Fundi alitibiwa akiwa amefumba macho, na haikuwa kwa sababu ya maumivu. Waliingilia kushoto, wakavuka, wakashuka kulia. Baada ya saa moja na dakika kumi, damu ilionekana kwenye kioo ikiteremka mpaka kifundoni. Nyaya tatu ziliingia, tatu zikatoka.

Mchana Bi Tena alikaa na fomu ya utafiti. Ilikuwa na nafasi mbili ambazo kwa miezi kumi na moja zilikaa tupu: kosa lilikaribia kufanywa na nani, na liligunduliwa na nani. Daktari Saa alisogeza kiti.

"Kosa ni la mapokezi," alisema. "Na langu, kwa kutotazama mguu. Wewe andika hapa pa pili. Sifuri yako imefutika, Mama."

"Mapokezi walileta faili lisilo la Kaka. Sisi wawili tulilipokea, na mimi ndiye mwenye maswali." Bi Tena akaandika jina lake halisi kwenye nafasi ya kwanza, chini yake la Daktari, kisha jina lake tena kwenye nafasi ya pili.

Bi Tena alipofika wodini, Fundi alikuwa macho. Wifi alikuwa amekwenda kuchota maji. Bi Tena akaweka vidole viwili juu ya unyayo wa kulia, akaukuta mpigo, mdogo lakini wa hakika, akauhesabu dakika nzima kama kitabu kinavyotaka. Kisha hakuondoa mkono. Akamweleza kaka yake yote: faili, kinena, vema tatu za nusu dakika.

Fundi alisikiliza akitazama dari. "Kwa hiyo ni bahati," alisema mwishowe, "kuwa nina dada mle ndani. Ningekuwa mtu baki, leo ningekuwa sina mguu."

"Hapana, Kaka," alisema Bi Tena. "Ungekuwa mtu baki, ningekuuliza vizuri."